Juu Legeza, Chini Kaza

12 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba dereva wa lori la vipuri hataikalia kama ile ya mwaka jana iliyokufikia na alama ya kiatu. Sisi hatujambo. Baba bado yuko kiwanda cha mikate. Hurudi na unga kwenye nyusi, na Mama humwambia, "Mume wangu, umezeeka tangu asubuhi." Mimi nimepewa ufunguo wa maktaba ya shule. Si kwa sababu ni mtu muhimu, ila hakuna mwingine aliyeutaka. Mama hajambo. Anachoka kidogo, kwa hiyo siku hizi ninapika mimi, na Baba ameanza kukisifu chakula kabla hajakionja.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu mimi hubaki na "ndiyo" na "haya" tu, maneno mengine hunijia nikishakata. Halafu masikio yako yameharibiwa na nyundo za gereji. Mtu akizungumza na wewe lazima apige kelele, na nyumba yetu ni vyumba viwili. Jambo hili sitaki lisikike chumba cha pili.

Ni habari za Kobe. Baba bado analiita hivyo lile gari lako dogo la buluu lenye mlango mmoja wa kahawia, ulilotuachia ulipokwenda kujenga barabara. Kobe ameanza kugonga nyuma. Kila tuta na kila shimo, ngo, halafu ngo nyingine ndogo, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe. Fundi wa mtaani kwetu alimsukuma kwa mguu akasema, "Bushi za nyuma hizo, zimekwisha. Lakini gari si linatembea? Shida iko wapi?" Baba naye anasema linatembea. Mjomba, najua linatembea. Mimi nataka lisigonge.

Huwezi kuja hata siku mbili? Kwako ni kazi ya nusu siku. Kama haiwezekani, basi nifundishe. Nimesoma sura nzima ya kitabu cha magari pale maktaba, na nilichoelewa ni picha.

Mpwa wako,
Kamusi

Tanbihi: Mwandiko wa kadi yako ya mwaka mpya ulinishangaza. Umeinama upande usio wake, kama nyasi zilizokanyagwa. Mama aliitazama kadi hiyo kwa muda mrefu, kisha akaiweka chini ya mto wake.


9 Machi

Mpwa wangu Kamusi,

Marahaba sana. Barua imefika safi, haina kiatu. Nilimsomea mpishi wetu pale baba yako anaposifu chakula kabla ya kukionja, akacheka mpaka sufuria ikaungua. Kwa hiyo jana watu wa kambi nzima walikula kosa lako.

Mimi ni mzima. Siku hizi wamenihamishia stoo. Nakaa kwenye kiti kama mkubwa fulani, nagawa vipuri na kugombana na madereva. Mwandiko usikusumbue, kalamu za stoo zilitengenezwa na adui. Kuja siwezi. Kambi ina mambo yake, tusiingie huko.

Tuje kwa Kobe. Bushi ni kipande cha mpira kinachokaa kati ya chuma na chuma. Ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, ni chuma, mwili wa gari ni chuma, na barabara haina huruma na yeyote kati yao. Bushi inakaa katikati inapigwa, kusudi wale wawili wasigongane. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na bushi nzuri huwezi kuisikia. Siku ukisikia ngo, si yenyewe inayolia. Yenyewe imeshakwisha zamani, wanaolia ni wale wawili waliokutana.

Ili uwe na uhakika, ingiza ubao mrefu kati ya ekseli na mwili wa gari usukume taratibu. Ukiona mpira umepasuka na chuma kinacheza ndani yake, basi fundi wako alisema kweli. Uniambie ni upande upi umechoka zaidi.

Sasa nisikilize vizuri. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni mwongo, hubeba mpaka siku asipobeba. Weka stendi za chuma au magogo mapana. Hata kama unaokota nati iliyodondoka tu. Hata kama huingii wewe, unaingiza mkono tu. Hasa kama ni mkono tu.

Halafu nina swali. Aliyekaa mbele haisikii sana ngo ya nyuma. Nani anakaa nyuma?

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe pole mpishi. Baba anakusalimu, anasema kama stoo ina kiti cha ziada naye anahitaji kupandishwa cheo. Shuleni tumefanya mtihani wa fasihi nikapata alama za juu, lakini mwalimu aliponiita nisome insha yangu mbele ya darasa, nilisoma kichwa tu nikarudi kukaa.

Nimefanya jaribio la ubao. Bushi zote mbili zimepasuka, ila ya kushoto ndiyo mbaya zaidi. Mpira umeachama kama mdomo. Mkono sikuingiza mpaka Baba alipoleta magogo mawili, na alipoona namna nilivyoyapanga aliuliza kama tunajenga nyumba.

Kuhusu swali lako, nyuma hukaa Mama. Siku hizi anapenda kukaa nyuma. Anasema anaona vizuri zaidi. Kila wiki tunakwenda mjini, Baba akipata wa kubadilishana naye zamu, kwa kuwa kuna shughuli kule. Tumekilaza kile kiti cha nyuma tukatandika godoro dogo upande wa kushoto, na mimi nabanana pembeni yake nikishika begi. Barabara ya kutoka kwetu unaijua. Tukikaribia tuta Baba hupunguza mwendo mpaka watembea kwa miguu wanatupita, lakini ngo haijali mwendo.

Mama aliniuliza ninakuandikia nini. Nikasema habari za gari. Akasema, "Basi ziwe za gari tu."

Kwa hiyo hizi ni za gari tu. Nifundishe, tafadhali. Na ikiwezekana, upesi.

Mpwa wako,
Kamusi


25 Aprili

Kamusi, mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa mtihani. Ile insha uliyoshindwa kuisoma mbele ya watu, niletee mimi, nitaisomea stoo nzima.

Mama yako tangu tukiwa wadogo hakupata kupenda kukaa nyuma. Alikuwa anatapika. Safari zote za utoto wetu nilikaa mimi nyuma na kapu, yeye mbele kwenye mapaja ya babu yako, ananitolea ulimi. Lakini tumekubaliana ni habari za gari tu.

Dereva atakayekupa barua hii atakupa na bushi mbili mpya. Ziloweke kwenye maji ya sabuni kabla ya kuzipachika. Usitie oili wala grisi, vitakula mpira. Inua nyuma yote, weka magogo chini ya mwili wa gari, si chini ya ekseli. Toa magurudumu. Fungua vishikio vya mabomba ya breki yasije yakavutika. Kisha toa zile boliti mbili kubwa zinazopita katikati ya bushi, ekseli itashuka mbele, na hapo utaziona bushi uso kwa uso.

Ya zamani itoe kwa kukata ganda lake la chuma kwa msumeno wa chuma, polepole, usijeruhi tundu. Mpya usiigonge kwa nyundo. Tafuta boliti ndefu, kipande cha bomba na washa pana, ile pete bapa ya chuma. Ukikaza nati, bushi itajivuta yenyewe ndani kama konokono. Tazama alama iliyochorwa ukingoni mwake, ielekee palepale ilipoelekea ya zamani. Chora kwa chaki kabla hujaitoa.

Mwisho kabisa ni zile boliti kubwa. Hizo zina wimbo wake, kila mtu wa gereji anaujua: juu legeza, chini kaza. Ukiusahau huo, kazi yote ni bure.

Ningeeleza zaidi lakini karatasi imekwisha.

Mwambie dada yangu namsalimu. Mwambie kapu bado ninalo.

Mjomba wako


18 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nilitaka kuanza na habari za nyumbani kama kawaida, lakini leo habari za nyumbani ndizo hizi: Kobe hagongi tena.

Tulifanya Jumamosi, mimi na Baba. Ganda la bushi ya kushoto lilinichukua asubuhi yote. Msumeno ulikatika, Baba akasema, "Mwanangu, labda tumwite fundi," nikasema, "Baba, shika tochi." Nadhani hiyo ndiyo sentensi kali kuliko zote nilizowahi kumwambia, akaishika. Ilipotoka nilikuwa na kutu mpaka kwenye meno. Mpya ilijivuta ndani ya tundu kama ulivyosema, kama konokono. Baba alisahau tochi akamulika mti.

Mama alitaka kutazama. Tulimtolea kiti pale mlangoni, na shuka, na mto wa mgongoni. Alisema, "Nilizaa binti nikitaka anisukie nywele. Kumbe nimezaa kaka yangu." Alicheka mpaka akakohoa, tukamrudisha ndani.

Wimbo wako ulinisaidia sana, ingawa mwanzoni nilijiuliza maana yake kama ninavyojiuliza ubeti wa shairi. Halafu nikiwa chini ya gari nikaushika: mkono wa spana nikiuvuta juu, boliti inalegea, nikiusukuma chini, inakaza. Juu legeza, chini kaza. Boliti zote mbili nilizikaza palepale, Kobe akiwa bado juu ya magogo, tena Baba akaziongezea nguvu zake. Ndipo tukarudisha magurudumu tukamshusha. Amesimama vizuri, makalio yake yameinuka kidogo kama gari la kijana.

Juzi tulikwenda mjini. Mjomba, hakukuwa na ngo. Hata moja. Tulipovuka lile tuta la sokoni nilimwuliza Mama anajisikiaje, akasema, "Kama nimelala juu ya wingu." Tena kwa kuwa Kobe ametulia, amesema hahitaji mtu wa kukaa naye nyuma. Kuanzia sasa nikae mbele na Baba, nitazame barabara.

Sijui nikushukuru vipi. Nimejaribu sentensi nyingi, zote zimekuwa ndogo.

Mpwa wako,
Kamusi

Tanbihi: Karatasi yako haikuwa imekwisha. Nusu nzima ilikuwa nyeupe.


7 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umefanya kazi ambayo wanaume wazima huikimbia.

Endelea kumtazama mama yako vizuri.

Mjomba wako


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Nyumbani ni kama ulivyotuacha. Viti vya jirani vimerudishwa. Baba amerudi kazini, lakini hata unga haumkai vizuri siku hizi. Mimi nimerudi shule. Mwalimu amenipa ruhusa ya kukaa maktaba saa za michezo.

Siku ya mazishi ya Mama ulifika tukiwa tumeshamaliza. Nilikuona umesimama kando ya Kobe, si pamoja na watu, umevaa koti kwenye jua lile. Nilikuja kukusalimia nikakupa mkono, ukanipa wa kushoto. Nilidhani ni msiba umekuchanganya. Halafu ukageuka, nikauona mkono wa kulia wa koti lako umekunjwa ukabanwa kwa pini. Mkono wa koti ulikuwapo. Wa kwako haukuwapo. Kulipokucha nikaja kukuuliza, nikaambiwa umepanda lori la alfajiri.

Kwa nini hukusema? Nilikuomba uje. Niliudhika nawe miezi yote hiyo. Nilikuwa naosha vyombo nikisema moyoni, ni nusu siku tu, dada yake mwenyewe, nusu siku.

Na mimi sikusema. Mama alinikataza. Alisema ukijua utaacha kazi uje kukaa mlangoni na kumwangalia kama mgonjwa, na hataki kuangaliwa kama mgonjwa. Lile jambo la mjini lilikuwa hospitali, nafikiri ulishajua. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Ile methali ya mficha maradhi nilifundishwa darasani. Nikaieleza maana yake vizuri kabisa, mwalimu akaweka alama ya vyema.

Kuna jingine. Kobe anagonga tena, upande ule ule wa kushoto. Nimechungulia chini. Bushi yako mpya imepasuka. Haina hata miezi mitatu. Nilimwambia Baba jana tukiwa tunakula, nikasema sielewi, nilifuata kila kitu, nilifuata na wimbo. Baba hakuinua macho. Alisema, "Afadhali hata lilipokuwa linagonga."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema hana maana. Nikamwuliza tena. Ndipo akasema kwamba tangu tulipoziweka zile bushi gari lilikuwa gumu, kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti, na kwamba Mama alikuwa anaingiza pindo la shuka mdomoni. Yeye alikuwa anamwona kwenye kioo cha dereva. Mimi nilikuwa mbele, natazama barabara.

Mjomba, nilikosea wapi? Usinipe nusu ukurasa.

Kamusi

Tanbihi: Nimekumbuka siku moja mwanzoni mwa Juni. Nilikuwa uani naanika nguo, nikamsikia Mama anapiga kelele kwenye simu, "Mkono! Ni upi?" Nilipoingia aliniambia alikuwa anaongea na fundi cherehani, habari za gauni. Hakushona gauni lolote.


11 Agosti

Kamusi, mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili uliobaki. Barua hii nimeiandika siku nne, kidogo kidogo, kwa kuwa mkono wa kushoto hauna subira. Leo karatasi haitakwisha.

Nianze na mkono. Ilikuwa mwaka jana, mwishoni. Nati ilidondoka chini ya lori dogo, jeki peke yake, nikaingiza mkono tu. Basi. Wamenipa stoo kwa huruma. Sikutaka dada yangu ajue. Yeye ndiye aliyeniambia nijifunze ufundi, yeye ndiye aliyeninunulia spana ya kwanza. Nikasema nitakuja nikishazoea. Halafu barua yako ya Februari ikafika, unaniomba nije nifanye kazi ya nusu siku. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha stoo, na spana zimetundikwa ukutani mbele yangu.

Sasa wimbo. Juu legeza, chini kaza. Maana yake si spana. Maana yake ni gari. Gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia, ziache boliti zimelegea, zishikwe kwa vidole tu. Lishushe, likanyage ardhi kwa magurudumu yake, libebe uzito wake wote. Hapo ndipo unakaza. Mpira wa bushi hushika pale ulipokazwa. Ukiukaza gari likiwa hewani, unadhani hewani ndiyo nyumbani kwake. Gari likishuka, mpira unajipinda, nao unabaki umejipinda hata limesimama, na kila shimo linaukuta hauna nafasi ya kucheza. Unakuwa mgumu, halafu unapasuka.

Hilo lilihitaji mistari michache tu. Nilikuwa nimeshaandika sana siku ile, kidole gumba kinatetemeka, nikaona mwandiko umeanza kunitoa siri. Nikafupisha. Nikakuachia wimbo bila maana yake, nikasingizia karatasi. Wewe hukukosea, mwanangu. Ulisoma kilichoandikwa.

Hutaki nusu ukurasa, kwa hiyo sitakuambia kwamba haikumuumiza. Ilimuumiza.

Barua yako ya Mei ilipofika, nikaona umezikaza boliti Kobe akiwa juu ya magogo, nilikwenda ofisini kuomba simu. Akapokea dada. Nikamwuliza, "Gari likoje?" Akapiga kelele, "Gumu kama benchi la shule." Nikamwambia ni boliti tu, akupe simu nikueleze, hata kesho zitakuwa tayari. Akasema, "Thubutu." Nikasema, "Dada, unaumia." Akasema, "Naumia hata nikiwa kitandani, na kitanda hakina boliti." Kisha akashusha sauti, nikalazimika kubana simu sikioni. Alisema mtoto anatembea kama aliyejenga daraja. Alisema, "Hajawahi kutembea hivyo. Safari zangu zilizobaki hazijazi vidole vya mkono mmoja. Ukimwambia sasa, atazikumbuka zote kwa kosa. Mwache azikumbuke kwa kazi."

Nikamwahidi. Halafu akauliza, "Ni upi?" Nikajifanya sisikii. Akapaza sauti, "Mkono! Ni upi?" Nikamwambia wa kulia. Akasema, "Niliona kwenye kadi. Basi na hilo usimwambie mtoto. Ana mengi."

Ndiyo maana barua yangu ya Juni ilikuwa fupi. Kila nililotaka kuandika nilikuwa nimekatazwa.

Siku ya mazishi niliondoka alfajiri kwa sababu niliiona ile bushi. Nilipokuwa nimesimama kando ya Kobe niliinama nikatazama. Nilijua utaniuliza, na nilikuwa bado sijajua kama ahadi kwa aliyekufa huvunjwa. Sasa nimeivunja. Yeye angenitolea ulimi.

Ya kushoto imekwenda, haiponi. Ya kulia bado haijapasuka. Mpandishe Kobe kwenye mbao nene, magurudumu yote manne, ili yakanyage na wewe upate nafasi ya kuingia. Legeza boliti ya kulia. Legeza tu. Utasikia mwenyewe.

Mjomba wako


3 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Baba hajambo, anakusalimu. Jana alikisonya chakula changu, akasema chumvi imezidi. Nilifurahi, kwa kuwa ina maana alikionja.

Barua yako niliisomea maktaba, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Kwa siku kadhaa nilikasirika. Nilimkasirikia Mama, ambaye hawezi kujibu, halafu nikakukasirikia wewe kwa sababu unaweza. Nilitaka kukuandikia kwamba kosa lile ningelirekebisha. Mjomba, ilikuwa kazi ya kugeuza spana. Angebaki na safari zile chache akiwa amelala kweli juu ya wingu, siyo kwa kunidanganya. Ningevumilia kujua kwamba nilikosea. Alidhani sitaweza. Hilo ndilo linaloniuma, na sijui pa kulipeleka, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Unajua tangu siku ya mazishi watu wananiambia nini? Jikaze. Jirani akileta unga, jikaze binti. Mwalimu mkuu, jikaze. Hata yule fundi wa mtaani aliyempiga Kobe teke alinishika bega akasema jikaze. Nikajikaza. Niliwahudumia wageni chai, nikaosha vikombe, nikavirudisha kwa kila nyumba bila kukosea, na sikulia. Nilidhani hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Jumapili tulimpandisha Kobe kwenye mbao. Magurudumu manne yamekanyaga, magogo pembeni kwa tahadhari, ungeridhika. Nikalala chini yake upande wa kulia. Baba alisimama nyuma, ameuweka mkono juu ya mlango wa nyuma, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Boliti ilikataa, kisha ikakubali.

Hukuniambia itakuwa vile. Mpira ulitoa mlio mrefu. Haukuwa ngo. Ulikuwa kama pumzi ya mtu aliyeibana kifuani muda mrefu sana. Na Kobe akashuka. Kidogo tu, upana wa kidole, lakini nilimwona akishuka, akakaa. Mkono wa Baba ukashuka pamoja naye.

Baba akasema, "Kumbe alikuwa amejikaza hivyo."

Sikumwuliza anamsema Kobe au anamsema nani. Nilibaki palepale chini nimeshika spana. Nilianza kulia, nikajaribu kujizuia, nikashindwa. Baba alikuja akalala ardhini upande wa pili wa gari, na shati lake la kazini, na tukalia hivyo, kila mmoja upande wake, Kobe katikati yetu. Jirani alipita akauliza kama gari limetuangukia. Baba akasema, "Ndiyo, mama, lakini tu wazima."

Boliti hatujazikaza. Nimezishika kwa vidole tu, kama ulivyosema. Ya kushoto inasubiri bushi nyingine, na nimemwambia Baba haitaletwa na dereva wa lori. Utaileta wewe. Usiniambie habari za kambi. Mimi nitalala chini, wewe utakaa pale mlangoni kwenye kile kiti, utanieleza kila kitu kwa urefu, na ikifika zamu ya spana utaingiza mkono wako wa kushoto uuweke juu ya wangu wa kulia. Magogo yatakuwepo. Njoo na kapu.

Baba anakwenda kiwandani kwa miguu. Kobe amekaa uani, amebeba uzito wake wote, amelegea. Tumemwacha hivyo mpaka utakapofika.

Mpwa wako,
Kamusi